Boda Boda na Kofia ya Abiria



Kati ya Kenya na Uganda upo mji wenye jina moja na serikali mbili. Mji huo ni Busia. Mwaka 1902 Waingereza walipoumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, hawakumwuliza Msamia wala Mteso ua wake unaishia wapi. Walipitisha mstari, na tangu hapo kwenda kumjulia hali shangazi kukawa safari ya nchi za nje. Baada ya uhuru kila serikali iliweka lango lake, na baina ya lango moja na jingine ikabaki njia ya zaidi ya nusu maili. Basi la kutoka Nairobi lilimshusha abiria upande huu, na la kwenda Kampala lilimngoja upande ule. Katikati palikuwa na jua la utosi, mzigo kichwani na mtoto mgongoni.

Penye dhiki hapakosi mtu wa kuitumia. Vijana wenye baiskeli, yale mabaiskeli meusi mazito yajulikanayo kote Afrika Mashariki, walifunga kipande cha godoro juu ya keria na kuanza kuwaita wasafiri. Hayo yalianza katika miaka ya 1960 na kushika kasi katika miaka ya 1970. Mwito wao ulikuwa neno la Kiingereza la mpaka, lililotamkwa kwa ulimi wa pale pale: boda, boda! Yaani nakutoa mpaka huu nakufikisha mpaka ule. Leo neno hilo linatumiwa Dar es Salaam, Mombasa na Mwanza na watu ambao maishani mwao hawajauona mpaka wowote.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba baiskeli ya Busia haikubeba wasafiri peke yao. Idi Amin alitwaa serikali Januari 1971, na Agosti 1972 akatangaza kuwafukuza Waasia. Maduka yakafungwa, viwanda vikazorota, na sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kunong'onezana. Ndipo magendo yakashamiri. Kahawa ya Uganda ilitoka usiku kwenda Kenya, na bidhaa za dukani zikarudi kwa njia ile ile. Baiskeli haina kelele, haihitaji petroli, na hupita njia za panya ambazo lori haliwezi kupita. Mwendeshaji aliyesifiwa ni yule aliyejua kupakia kupita kiasi, kukwepa mlinzi na kufika kabla ya mwenzake.

Nalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba kijana wa boda boda ni mkorofi kwa kuzaliwa. La hasha. Kazi hii ilizaliwa mahali ambapo kupakia kupita kiasi ndiko kulikoleta faida, na kukwepa ndiko kulikookoa mali. Desturi za kazi hurithiwa, kama fundi seremala anavyorithi namna ya kushika randa. Tofauti ni kwamba katika miaka ya 1970 desturi hizo hazikuua watu wengi, maana chombo kilikuwa baiskeli.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Baiskeli iliyopakia abiria huenda kiasi cha kilometa 15 kwa saa. Mtu anayegonga kitu kisichosogea kwa mwendo huo huumia sawa na aliyeanguka kutoka juu ya meza. Atachubuka, huenda akavunjika mkono, lakini jioni atakuwa nyumbani akisimulia. Pikipiki ikienda kilometa 60 kwa saa, mwendo umeongezeka mara 4, lakini nguvu ya kugonga haiongezeki mara 4. Huongezeka mara 16, kwa kuwa nguvu hiyo hufuata mwendo uliozidishwa kwa mwendo wenyewe. Kugonga lori lililoegeshwa kwa kilometa 60 ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 14. Huo ni mnazi, tena si mnazi mfupi. Hakuna mkwezi ambaye angekubali kujiachia kutoka kileleni kwa kuwa tu ana haraka ya kufika chini.

Injini iliingia katika kazi ya boda boda nchini Uganda katika miaka ya mwanzo ya 1990. Nchi ilikuwa inatoka vitani, mabasi yalikuwa machache, na milima ya Kampala humchosha mwenye baiskeli. Pikipiki ndogo zikachukua nafasi, kwanza za Kijapani zilizokwisha kutumika, na baadaye za Kihindi na za Kichina. Kijana aliyekuwa akikanyaga pedeli sasa alizungusha mkono tu. Mto ukabaki pale pale nyuma, na haraka ikabaki ile ile. Hakuna chuo kilichosimama katikati ya baiskeli na pikipiki kumweleza kwamba sasa ameketi juu ya mnazi.

Ukoo wa chombo chenyewe una historia yake, nayo inafika mbali. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, kiwanda cha ndege cha Piaggio katika mji wa Pontedera, nchini Italia, kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu. Enrico Piaggio alitaka chombo rahisi cha kuwachukua wafanyakazi katika nchi iliyoharibika barabara, na kazi hiyo alimpa mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio, mtu ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Labda ndiyo sababu aliitengeneza upya kabisa. Mwaka 1946 ilitoka Vespa, maana yake nyigu: injini imefichwa ubavuni, miguu imekingwa kwa bamba, gia zinabadilishwa kwa mkono wa kushoto, na mtu anaweza kuiendesha amevaa suti au kanzu bila kuchafuka. Mwaka 1948 ilifuata ya magurudumu matatu, nayo ikaitwa Ape, yaani nyuki. Lambretta ya Milano ilikwisha kutoka mwaka 1947. Kule Zanzibar neno vespa lilizoeleka hata likawa jina la jamii nzima ya vyombo hivyo.

Mwaka 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilipata idhini ya kuzitengeneza Vespa nchini mwake. Idhini hiyo ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Wahindi walikwisha kuijua kazi. Kutoka katika nyumba hiyo ndiko zilikotoka bajaji za magurudumu matatu zinazojaa katika miji yetu, na ndiko ilikotoka pia Boxer, pikipiki ambayo waendesha boda boda wa Uganda na Kenya wameipenda kuliko nyingine nyingi. Basi nyigu alizaa, na wajukuu wake wako hapa.

Wazee waliopanda Vespa wanakumbuka tabia zake mbili. Magurudumu yake ni madogo, hivyo shimo ambalo pikipiki kubwa hulivuka hulimeza gurudumu la Vespa na kumrusha mtu mbele. Pili, injini yake iko upande wa kulia, na mwanafunzi huona chombo kinaegemea upande mmoja mpaka atakapokizoea. Kwa sababu hizo wengi walijifunza kwanza uwanjani, mbali na barabara. Sisemi zama hizo zilikuwa njema kuliko hizi. Vyombo vilikuwa vichache, ndiyo maana nafasi ya kujifunza ilikuwapo.

Sasa tuitazame kofia ngumu, maana nayo ilianza kwa msiba. Tarehe 13 Mei 1935, katika wilaya ya Dorset huko Uingereza, T. E. Lawrence, yule askari aliyepata sifa kwa vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki yake. Aliwakuta mbele yake vijana wawili wenye baiskeli, akajaribu kuwakwepa, akarushwa. Hakuwa na kofia. Alilala siku 6 bila fahamu, akafariki tarehe 19, akiwa na umri wa miaka 46. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwamo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia na bingwa wa kupasua ubongo. Madaktari wengi wangetia sahihi cheti cha kifo na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Cairns hakuyaacha hayo yapite. Alijiuliza kwa nini mtu mwenye mwili mzima afe kwa jeraha la mahali pamoja tu.

Vita vilipoanza mwaka 1939, jeshi la Uingereza lilikuwa na tarishi wengi wa pikipiki, na taa za barabarani zilizimwa kwa hofu ya ndege za adui. Cairns akahesabu. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendeshaji na abiria wa pikipiki 2,279 walikufa katika ajali za barabarani, na jeraha la kichwa ndilo lililoongoza kuua. Kisha akatafuta waliopata ajali wakiwa wamevaa kofia ngumu. Aliowaona walikuwa 7 tu, kwa kuwa kofia ilikuwa kitu cha wachache; lakini wote 7 walikuwa hai. Mwaka 1941 alichapa matokeo hayo, na Novemba ya mwaka huo huo jeshi likaamuru kila tarishi avae kofia.

Jeshi hutoa amri na jambo likatendeka. Kwa raia mambo hayakwenda hivyo. Jimbo la Victoria, Australia, ndilo lililotangulia duniani kuweka sheria, mwaka 1961. Uingereza yenyewe, nchi ya Cairns na ya Lawrence, iliwalazimisha raia wake mwaka 1973, yaani miaka 32 baada ya jeshi. Wapo waliosema sheria hiyo ni kuingilia uhuru wa mtu. Masingasinga walidai haki ya kilemba chao, nao wakaruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1976. Kwa hiyo anayedhani ubishi kuhusu kofia ni ushamba wa Waafrika, na afungue vitabu vya historia ya Wazungu.

Utafiti umeendelea tangu wakati huo. Mapitio makubwa yaliyotolewa mwaka 2008, yaliyokusanya tafiti za nchi nyingi, yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini si kila kitu cha mviringo ni kofia. Kazi hasa haifanywi na gamba la nje; inafanywa na povu gumu lililo ndani, ambalo hubonyea polepole ili ubongo usisimame ghafla. Povu likishabonyea mara moja halirudi, na kofia iliyokwisha kupata kishindo kikubwa imemaliza kazi yake hata kama ingali inang'aa. Kofia ya fundi ujenzi haina povu la namna hiyo. Ilitengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka kutoka juu, nayo kichwani mwa mwendesha pikipiki ni pambo. Na kofia ambayo mkanda wake haukufungwa kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Majirani zetu wamelishika jambo hili kila mmoja kwa namna yake. Uganda ilitunga kanuni za kofia mwaka 2004. Zilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini kwa miaka mingi vijiwe vya Kampala viliendelea kama kwamba hazikuandikwa. Mwaka 2014 ilianzishwa huko kampuni ya SafeBoda, ambayo waendeshaji wake walivaa rangi ya chungwa na kubeba kofia ya pili kwa ajili ya abiria. Hapo abiria akapata kitu ambacho kanuni haikumpa, nacho ni nafasi ya kuchagua.

Kenya iliingia kwa mlango wa kodi. Mwaka 2008 iliziondolea kodi pikipiki ndogo, zile ambazo injini zake hazifiki sentimeta za ujazo 250, ili vijana wapate ajira. Vijana walipata ajira kweli. Hilo hakuna awezaye kulikana. Pikipiki zikamiminika mpaka vijijini, mahali ambapo mgonjwa alikuwa akibebwa kwa machela. Kanuni maalumu za uendeshaji wa pikipiki zilitoka mwaka 2015. Hesabu ni rahisi: chombo kilitangulia, na kanuni ikafuata baada ya miaka 7. Wala tusiwacheke. Hapa Tanzania kanuni za leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010, wakati vijiwe vilikwisha kuota kila penye kona.

Burundi ilichukua hatua kali zaidi. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilizuiwa kuingia katikati ya mji wa Bujumbura. Njia hiyo hupunguza ajali mahali palipozuiwa, hakuna ubishi. Lakini mama muuza mboga naye hubaki na kapu lake kichwani, tumerudi Busia ya mwaka 1965.

Rwanda ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Mjini Kigali waendesha pikipiki za abiria wamejiunga katika vyama vya ushirika. Kila mmoja ana kizibao chenye namba, anabeba abiria mmoja tu, na ana kofia mbili. Abiria wa Kigali haombwi kuvaa kofia. Anapewa, anaivaa, na safari inaanza, kama vile abiria wa ndege asivyojadiliana kuhusu mkanda. Wapo wanaolalamika juu ya jasho la aliyetangulia na misuko ya nywele kuharibika, na malalamiko hayo ni ya haki. Hapana budi kofia ifutwe, na kitambaa chepesi chini yake hutosha. Lakini mazungumzo huko ni juu ya usafi wa kofia, si juu ya kuwapo kwake.

Kwa nini Kigali liwezekane na kwetu liwe gumu? Jibu langu ni kwamba tumekuwa tukimhubiria mtu asiyefaa. Kijana wa kijiweni kwa kawaida pikipiki si yake. Yapo mambo mawili asubuhi hayamwachi: petroli na hesabu ya tajiri. Hesabu hiyo hutakiwa jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Ndiyo maana hubeba mishikaki, abiria wawili au watatu kwa safari moja. Ndiyo maana hupita taa nyekundu. Tajiri hukagua fedha, na ni nadra kukagua breki. Kofia ya pili huiona ni gharama ya kijana, kijana huiona ni ya tajiri, na abiria huketi nyuma kichwa wazi. Mwenye chombo angalipaswa kuulizwa kofia ya pili siku ile ile anapokatiwa bima.

Mishikaki, ndugu wananchi, ina ubaya wake wa kiufundi pia, mbali na wa sheria. Pikipiki husimama zaidi kwa breki ya mbele, kwa sababu mtu akifunga breki uzito wote hukimbilia gurudumu la mbele na kulikandamiza barabarani. Vijana wengi huiogopa breki hiyo. Wamewahi kuikamata ghafla kwenye mchanga au kwenye lami iliyolowa, gurudumu likateleza, nao wakaapa kutoigusa tena. Wanabaki na ya nyuma peke yake, ambayo huburuza tairi na kuyumbisha chombo. Breki ya mbele yafaa ikamuliwe kama mtu anavyokamua chungwa, polepole kisha kwa nguvu, chombo kikiwa kimesimama wima, pamoja na ile ya nyuma, na kabla ya kuingia konani, si ndani ya kona. Sasa pakia watu watatu nyuma: gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani huelea, na kikiingia kishindo cha kufunga breki, abiria wote humsukuma dereva juu ya usukani.

Tena kuna sekunde moja ambayo hakuna dereva awezaye kuikwepa, nayo ni ile ya kuona hatari na kuamua. Kwa kilometa 60 kwa saa, katika sekunde hiyo pikipiki imekwenda karibu mita 17 kabla vidole havijagusa breki. Kwa kilometa 40 ni mita 11. Mita hizo 6 zilizobaki ndizo urefu wa gari dogo na upana wa mtoto anayevuka.

Na kuna jambo moja la mwisho kuhusu jirani yetu wa magharibi. Huku kwetu, kama Kenya na Uganda, tunaendesha kushoto. Rwanda na Burundi huendesha kulia. Dereva wa Ngara anayevuka Rusumo, juu ya maporomoko ya mto Kagera, hana budi kuhamia upande wa pili wa barabara, na watu wote hufanya hivyo kila siku bila ubishi wala semina. Kofia ya abiria nayo anaikuta ng'ambo hiyo hiyo, na jioni anaporudi huku anaiacha huko.